Meno ya Juu

Zimwi la kwanza nililoliogopa kwa dhati lilikuwa mama mkwe wangu. Naandika hivi nikijua fika kwamba angekuwa hai angenitoa mbio na ufagio, kisha angecheka peke yake jikoni. Nimesomesha habari za mazimwi na majitu, ya kwenye hadithi na ya kwenye filamu, kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na kila mwaka yupo mwanafunzi wa kuniuliza somo la ajabu namna hii nililianzia wapi. Huwa namjibu kwa maneno ya vitabuni ili kipindi kiishe salama. Sasa nimezeeka, wahusika karibu wote wameshatangulia mbele ya haki, na naona kuendelea kukaa kimya ni utovu wa shukrani.

Niliolewa Kibiti nikitokea kijiji cha Mkongo, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, nikiwa na darasa la nne langu na ulimi mrefu. Mume wangu alikuwa mkata boriti huko delta, mto unapomwagikia baharini. Alikuwa akiingia kwenye mikoko na wenzake miezi miwili mitatu, na akirudi ananuka tope na moshi hata akioga mara ngapi. Nyumbani nilibaki na mama yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye hatua za haraka, asiyepoteza maneno. Ukimwambia, "Shikamoo, mama," anaitikia marahaba huku ameshakupita. Nikisikia kikohozi chake uani nilikuwa naweka chini chochote nilichoshika, hata kama nilikishika kwa halali.

Nilipojifungua mtoto wa kiume, yeye ndiye aliyetoa jina. Hiyo ilikuwa haki ya upande wa baba na sikuwa na la kusema, ila jina lenyewe halikuwa la babu yeyote, wa kwao wala wa kwetu. Nilimuuliza ni la nani. Akasema, "La mtoto." Nikanuna siku mbili, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshampa mwanangu jina la marehemu baba yangu. Sidhani kama hata aliona kwamba nimenuna.

Mtoto alipokaribia miezi sita nilikuwa namnyonyesha asubuhi moja nikahisi kitu kikali. Nilifurahi, nikaingiza kidole. Ufizi wa chini ulikuwa laini, hauna kitu. Nikapeleka kidole juu. Lilikuwepo jino, na pembeni yake lilikuwa linasukuma la pili.

Kwa msomaji wa leo lazima nieleze. Mtoto wa kwetu alitakiwa aanze kuota meno ya chini. Aliyeanza ya juu alikuwa kigego, na kigego alihesabiwa kuwa nuksi iliyozaliwa ndani ya nyumba. Ilisemwa kwamba kila anapoongeza jino, ukoo unapungua mtu. Mkunga aliyemzalisha ndiye aliyeitwa kumtia kidole kinywani. Yakiwa ya chini, vinapigwa vigelegele na watu wanakunywa uji wa sukari. Yakiwa ya juu, watu wazima wanaingia ndani kushauriana, na mtoto anapelekwa. Neno ni hilo tu, anapelekwa, na hakuna aliyesema anapelekwa wapi. Serikali ilikuwa imekataza na masheikh wetu walikuwa wakikemea, hivyo jambo lenyewe lilikuwa limepungua sana. Wengine walisema limekwisha kabisa. Mimi sikutaka mwanangu awe ndiye wa kutuhakikishia.

Nikaanza kumfunga kitambaa kidevuni, nikikipandisha hadi mdomoni, nasema ana udenda mwingi. Majirani wakija nilikuwa namgeuzia kifuani. Na kwa kuwa mtoto akicheka ufizi wote unaonekana, niliacha kumchekesha. Kwa karibu wiki mbili nilikuwa mama anayemnyima mwanawe kicheko, na hilo bado linaniuma kuliko mengi makubwa niliyowahi kukosea.

"Mbona mtoto amepooza?" mkwe aliniuliza.

"Joto, mama."

Akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akaenda zake kutwanga.

Wiki hiyohiyo likaja gari la sinema. Lilikuwa gari la serikali, limefungwa pande zote kama sanduku, lina injini yake ya umeme inayonguruma nyuma. Jumbe alipitisha habari kwamba baada ya magharibi watu wote wakusanyike uwanjani karibu na soko. Watu walikwenda, lakini walikwenda na shaka zao. Wakati ule habari za mumiani zilikuwa zimejaa barabara yote, kwamba kuna watu wanaokamata wenzao na kuwanyonya damu ikapelekwe kutengenezwa dawa, na kwamba wanatembea na gari lisilo na madirisha. Sasa hili hapa gari, madirisha halina. Wanawake tulikaa nyuma kabisa, karibu na njia ya kutokea, kanga tumezifunga za kukimbilia. Mimi nisingekwenda hata kwa dawa, maana nilikuwa na kigego mgongoni, lakini mkwe alisema, "Vaa, tunakwenda," na nyumba ile mtu hakuwa na la pili la kusema.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya kupanda pamba kwa mistari. Watu walipiga miayo, kwa sababu pamba tuliyoiacha shambani tayari ilikuwa imetuchosha bila kuiona tena kwenye shuka lililotundikwa la kuonyeshea sinema. Ya pili ilikuwa ya kuchekesha, ndivyo alivyosema karani aliyekuwa akitueleza kwa kipaza sauti. Jitu limefunikwa manyoya mwili mzima linashuka kutoka mlimani, huko kwenye nchi yao ya baridi, linaingia mjini. Lina meno nje. Karani akapaza sauti, "Hili ni jitu linalokula watu!" Uwanja mzima ukapiga kelele. Jitu likaingia kwenye nyumba ya kuokea mikate, likakaa mbele ya tanuri, likanyoosha mikono kuota moto. Wenye mji wakalijia na mafagio, na makoleo, na mbwa. Likakimbilia juu ya paa.

Watu walicheka hadi machozi. Mimi sikucheka, nilikuwa nimekazana na kitambaa cha mtoto, niliyekuwa nimempakata sasa. Ndipo nikamsikia mkwe pembeni yangu, kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi, "Anayekula watu ni yupi? Mbona hatujamwona akimla hata mmoja?"

Bibi mmoja mbele akamjibu, "Si wewe umemsikia karani?"

"Karani nimemsikia. Yeye sijamwona akila." Kisha akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

Walimcheka. Mama wa jitu! Lakini yeye hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ameshika ncha ya kanga yake kwa mikono yote miwili.

Paa la kwenye shuka likaporomoka kwa kishindo kilichotoka kwenye kipaza sauti. Mwanangu alikuwa amelala, akashtuka, akaangua kilio. Kitambaa kikateleza. Nuru yote ya ile sinema ikaingia kwenye kinywa chake kilicho wazi, na meno yale mawili yakaonekana meupe. Watu wote walikuwa wanatazama jitu. Mama mkwe wangu peke yake alikuwa anatazama mtoto.

Akanyoosha mkono, akavuta kanga yake, akamfunika mtoto uso mpaka kilio kikawa kidogo. Tulipofika nyumbani alisimama mlangoni akasema, "Kesho alfajiri tunakwenda kuamia. Chukua nguo za mtoto."

Kuamia ni kulinda mpunga usiliwe na ndege, na ulikuwa kweli msimu wake, masuke yanajaza. Mkwe alikuwa mzaliwa wa visiwa vya delta na ndugu zake walikuwa na mashamba huko, ambako kila familia ina dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mpunga. Watu wanahamia huko majuma kadhaa, mbali na kijiji, mbali na kila mtu. Hakukuwa na cha ajabu kwa mkwe kwenda kuamia. Kwangu mimi, kwa yale niliyoyajua, maana ilikuwa moja tu: mwanangu anapelekwa.

Nilifikiri kutoroka kwenda kwa mama yangu Mkongo. Lakini njia ilikuwa ndefu, simba walikuwa wanasumbua bonde, na mama yangu naye angemfungua mtoto kinywa siku ya kwanza. Nikapiga moyo konde, nikajiambia nitakwenda, ila mtoto hatatoka mwilini mwangu. Atakayempeleka atupeleke wawili.

Tulitembea kutwa. Mkwe mbele na kapu la vyombo kichwani, mimi nyuma na mtoto kifuani, si mgongoni, ili mikono yangu imfikie. Kila alipogeuka kuniuliza kama nimechoka nilisema sijachoka. Tulipofika kwenye mkono wa mto palikuwa na mtumbwi wa kaka yake. Akatangulia kuingia, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto, upande."

"Nitapanda naye."

"Utatumwaga sote! Nipe."

"Sikupi, mama."

Sikuwahi kumjibu hivyo, wala sikuwahi kusikia mkaza mwana yeyote wa mtaa ule akimjibu mkwewe hivyo. Kaka yake alijifanya anafunga kamba iliyokwisha kufungwa. Kisha mkwe akaurudisha mguu mmoja topeni, akaushikilia mtumbwi kwa mikono yake miwili, na tope likampanda hadi gotini mpaka mimi na mwanangu tulipokaa vizuri.

Dunguni, kaka yake alipokwisha kuondoka, mkwe alikoka moto, akateleka wali, akaniambia nile. Sikula. Ndipo akakaa mbele yangu.

"Unadhani nimekuja kumtupa."

Nikaanza kulia.

"Mie nilizaa kabla ya huyo mumeo," alisema. "Wa kwanza, mwanamume. Siku moja namnyonyesha, akaning'ata. Nikafurahi, wee! Nikatoka nje kuita watu, njooni, mwanangu kaota jino. Sikutazama hata liko wapi. Nimewaita mwenyewe."

Injili hii, kama naweza kuiita hivyo nami ni Mwislamu, sikuwahi kuisikia kwa mtu mwingine. Mume wangu mwenyewe hakujua kwamba alikuwa na kaka.

"Alimpeleka nani?" nikauliza.

"Mama mkwe wangu."

"Alikuwa mkali?"

"Hata. Alilia kuliko mie." Akakoroga moto. "Watoto wote wa pale mtaani nawatazama vinywani nikipita, hukuona? Mnadhani nna wazimu. Nataka nimwone mimi kwanza, kabla hawajaitwa watu. Sasa wewe kula. Tutakaa hapa mpaka ya chini yatoke. Akiwa na manne, nani atajua yapi yalitangulia?"

Nilikula wali ule na machozi yangu, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Tukakaa. Kutwa tulikuwa tunapiga debe na kurusha mabonge ya udongo kwa fimbo, kwelea wanainuka shamba hili wanatua lile. Kila asubuhi mkwe alinawa mikono, akasema bismillahi, akatia kidole kwenye ufizi wa chini. "Bado." Nilimjua kuwa mtu mkavu, lakini huko dunguni nilimwona akimchekesha mtoto mpaka ngazi ya miti inatikisika. Nami nikamrudishia mwanangu kicheko chote nilichomnyima, na riba juu. Alicheka mdomo wazi, meno mawili ya juu nje, akafanana kidogo na lile jitu la sinema.

Mpunga ulikuwa umeanza kupiga manjano asubuhi aliponiita kwa sauti ambayo sikuijua. Nikapanda ngazi mbio. Alikishika kidole changu, akakipeleka mwenyewe. Lilikuwepo, dogo kama punje ya chumvi ya mawe. Baada ya siku chache likafuata la pili. Siku hiyo ndipo aliponitajia jina la yule mwanawe wa kwanza. Kisha akaniambia niende nikafukuze ndege, wanamaliza mpunga.

Tuliporudi Kibiti mkunga aliitwa, kama ilivyopasa. Alikuwa bibi kutoka Mahege, kijiji cha jirani, mnene, mwenye vidole vinavyonuka karafuu. Akamfungua mtoto kinywa mbele ya wanawake wa mtaa, akahesabu manne. Akakunja uso.

"Yapi yalitangulia?"

Ulimi wangu mrefu ukanikauka. Mkwe akajibu bila kupepesa, "Ya chini. Mie ndiye niliyekuwa naye."

Mkunga alimtazama mkwe, na mkwe alimtazama mkunga. Walikuwa wanajuana tangu ujana wao. Kisha bibi yule akavuta pumzi, akapiga kigelegele cha kwanza yeye mwenyewe, kirefu, na wengine wakapokea. Nimeshawaza mara nyingi kama alijua. Siku hizi naamini alijua, na yeye pia namshukuru. Jioni nilimuuliza mkwe kuhusu ule uongo. Akasema, "Huo nitamjibia Mungu mwenyewe, wewe usijitie."

Yaliyofuata ni marefu na si ya leo. Itoshe kusema kwamba uhuru ulipokuja, na wakatafutwa wanawake waliosoma kidogo wakasomeshwe ualimu, ni yeye aliyemwambia mwanawe, "Mwache aende, watoto watabaki na mie." Kila cheti nilicho nacho kimesimama juu ya mgongo wake. Nilipofika mbali katika masomo nikakuta kuna watu wazima, wenye akili zao, kazi yao ni kuchunguza majitu. Wapo wanaosema jitu ni hofu ya jamii iliyovishwa mwili. Wapo wanaosema ni kitu kilichokataa kukaa kwenye fungu lake, si mtu si mnyama, si hai si maiti, na watu hawavumilii kisichopangika. Wapo wanaouliza ni nani aliyelipa jitu jina hilo, na anapata faida gani. Nikisoma hayo nilikuwa natabasamu peke yangu maktabani. Meno mawili yaliyokosea zamu yao nilikuwa nimeyapapasa kwa kidole. Gari lisilo na madirisha nilikuwa nimelitazama kutoka nyuma ya uwanja, kanga imefungwa ya kukimbilia, na watu waliolihofia walikuwa na sababu zao, kwa kuwa wenye gari walikuwa wamechukua mengi kwetu bila kuuliza.

Lakini yale maswali ya mkwe sikuyakuta mahali. Karani amesema jitu linakula watu. Mbona hatujaliona likila? Na mama yake yuko wapi? Nimewafundisha wanafunzi wangu kuanza na hayo mawili katika kila filamu, kabla ya nadharia yoyote. Wengine huyaandika daftarini wakidhani nimeyatoa kwa mwanazuoni mkubwa. Huwa siwasahihishi, kwa kuwa hawajakosea.

Mkwe alikufa mikononi mwangu, na kabla ya hapo nilimwomba radhi kwa siku ile ya mtumbwi. Akasema alinipenda tangu siku ile.

Mwanangu hakuambiwa kitu. Tulikubaliana hivyo dunguni. Alikua, akaoa, akapata wajukuu, na hakuna mtu wa ukoo aliyepungua kwa sababu ya jino lake. Juzijuzi tu, naye ameshavuka hamsini, alikuja kuniona akiwa ameziba mdomo kwa leso. Nikamwambia aitoe. Meno mawili ya mbele hayapo.

"Yameng'oka ya juu, mama. Ya chini yote mazima."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Alidhani akili imenihama. Nikamkalisha, nikamweleza yote, kuanzia gari la sinema hadi kigelegele cha mkunga. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilitegemea aniulize kuhusu nafsi yake, kama kweli alikuwa kigego, kama niliwahi kumwogopa. Nilikuwa tayari kumjibu kwamba sikumwogopa hata dakika moja.

Hakuuliza hilo. Aliuliza, "Yule aliyepelekwa, mtoto wa bibi, alikuwa na jina?"

"Alikuwa nalo," nikamwambia. "Bibi yako alikupa wewe."